Bunia, Kampala, Kisangani au Kinshasa: kabla hujatia saini

Tangu Goma iingie mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, swali moja halichoki kuzunguka kwenye simu za watu wa Ituri walio Ulaya na Kanada. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, mabenki yakafunga milango, na mashirika mengi yaliyokuwa na ofisi kubwa kule yakahamishia sehemu ya kazi zao Beni, Bunia, Kinshasa au ng'ambo ya mpaka. Kwa hiyo nafasi ya kazi ikitangazwa siku hizi, si ajabu ikaja na miji miwili au mitatu ndani yake. Mdogo wako anapiga: "Yaya, wanasema nichague, Bunia ao Kin ao Kampala. Niende wapi?"

Wengi wetu hujibu kwa mshahara na kodi ya nyumba. Ni hesabu nzuri, lakini inaanzia katikati. Mtu wa Bunia anapochagua mji wa kazi, anachagua kwanza njia: ataingia na kutoka wapi, mzigo wa nyumbani utamfikia vipi, mama akiugua atafika kwa siku ngapi. Njia hizo zilichorwa kabla ya babu zetu kuvaa viatu, na mpaka leo ndizo zinazoamua nani anafanya kazi wapi.

Chukua ramani. Ukipima moja kwa moja angani, Kampala iko kama kilomita 300 kutoka Bunia. Kisangani iko kama 570. Kinshasa, mji mkuu wa nchi yetu, iko karibu 1,800. Hata saa zinakwambia: ikiwa ni saa mbili asubuhi Kinshasa, Bunia ni saa tatu na Kampala ni saa nne. Sisi tuko katikati, na anayefanya kazi Bunia chini ya mkurugenzi wa Kinshasa na mhasibu wa Kampala hujifunza mapema kwamba mchana wake una ncha mbili, na zote zinamvuta.

Jambo hili lilianza na dhahabu. Mwaka 1903 wachunguzi wa madini waliipata Kilo, kaskazini ya Bunia ya leo, na miaka miwili baadaye uchimbaji ukaanza. Mitambo, saruji, unga na mvinyo wa Wabelgiji vingepitia wapi? Mto Kongo ulikuwa mbali na msitu wa Ituri ulikuwa mzito. Njia nyepesi ilitoka mashariki: meli mpaka Mombasa, reli ya Waingereza kupitia Kenya na Uganda, halafu bandari ya Butiaba na meli za Ziwa Albert mpaka Kasenyi. Kutoka ufukweni mzigo ulipanda mlima kuja huku juu. Bunia ilikua kama ghala na kituo cha nyuma cha migodi ya Kilo-Moto, na umeme wa maporomoko ya Budana ulijengwa kwa ajili ya mashine za dhahabu kabla ya taa za raia. Mji uliojengwa hivyo hutazama kule mzigo unakotoka. Butiaba ilizama kwa mafuriko ya miaka ya 1960 na haikurudi kuwa bandari ya maana, lakini pitia maduka ya bulvari ya Libération leo uulize sabuni, mabati na vipuri vya pikipiki vimeshukia bandari gani. Utajibiwa Mombasa. Matadi utaisikia kwenye kitabu cha jiografia.

Ndiyo maana Kampala, ambayo ni nchi ya kigeni, yenye Kiingereza na Kiganda na magari ya kushoto, kwa mtu wa Bunia si ugenini kama wageni wanavyodhani. Zamani ya vita ilikaza kamba hiyo. Jeshi la Uganda lilikaa Ituri mpaka Mei 2003, wakati wa mapigano ya Hema na Lendu yaliyoua maelfu, na lilipoondoka mji ulilipuka hata Umoja wa Ulaya ukatuma kikosi cha Artémis mwezi Juni kikiongozwa na Wafaransa. Wakati ule walioweza walivuka ziwa, na baadhi yao hawakurudi. Wimbi lingine lilivuka mwanzoni mwa 2018, mitumbwi ikitoka Tchomia na Kasenyi kuelekea Hoima. Uganda leo ina wakimbizi wa Kikongo zaidi ya nusu milioni, na sheria yake ya wakimbizi ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi. Matokeo yake ni kwamba ukifika Kampala kwa mkataba wa ofisi, utamkuta shangazi mtaani Nsambya, mchungaji wa nyumbani, na mama anayeuza sombe iliyotwangwa tayari. Mtu wa Kinshasa aliyehamishiwa Kampala huanza upya. Mtu wa Bunia huanza nusu ya njia.

Safari yenyewe inafaa kuelezwa, maana aliyepo Brussels husahau. Basi au teksi inapanda kaskazini kwa barabara ya taifa namba 27, inapita Djugu mpaka Mahagi. Mpakani upande wetu kuna karatasi za chanjo, mihuri na maswali. Upande wa pili ni Goli. Dereva akishavuka kizuizi anahama kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, na abiria wa kwanza kupiga kelele "chunga!" siku zote ni yule anayesafiri mara ya kwanza. Wabadilisha fedha wanakuja dirishani na mabunda ya shilingi. Kisha Nebbi, daraja la Pakwach juu ya Nile, Karuma, na usiku mzito unashushwa Arua Park katikati ya Kampala, mahali ambapo vifurushi vya Ituri vinasubiri vimeandikwa majina kwa kalamu ya bluu. Barabara ikiwa salama, hiyo ni siku moja na kitu. Tatizo ni hilo neno "ikiwa". Tangu mwisho wa 2017 wapiganaji wa CODECO wameshambulia Djugu na barabara hiyo mara kwa mara, na kuna majira ambapo mwenye pesa hupanda ndege ndogo mpaka Entebbe, asiye na pesa hushuka ziwani, na mwenye busara huahirisha.

Kinshasa haina njia ya namna hiyo. Ni ndege tu. Unatoka uwanja wa Murongo hapa Bunia, mara nyingi unapita Kisangani, unashuka Ndjili kwenye joto ambalo mtu wa Bunia, aliyezoea mita 1,200 na ushei na sweta la jioni, hulihesabu kama adhabu. Lakini joto linazoeleka. Kinachomchosha mtu wetu Kinshasa ni Kilingala cha haraka cha sokoni na cha ofisini baada ya mkutano, pale mambo yanapoamuliwa, na foleni za magari zinazomla saa tatu kwa siku. Na kinachomrudisha ni kwamba hakuna anayeweza kumtembelea: tiketi ya ndege ya ndani inakula mshahara wa mwalimu wa miezi kadhaa. Nimeona wenzetu waliopata kazi nzuri wizarani au benki wakazika wazazi kwa njia ya video. Kwa upande mwingine tuseme ukweli: anayetaka kupanda ngazi serikalini, au kwenye makao makuu ya shirika lolote, hatapandia Bunia. Kinshasa ndiko mihuri inakokaa.

Kisangani nitaipita haraka, na wa Tshopo wanisamehe. Mpaka 2015 ndiyo ilikuwa kichwa chetu. Ituri ilikuwa wilaya ya Jimbo la Mashariki, na kwa uteuzi, rufaa au barua ya gavana ulitazama Kisangani. Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanza 1963, kiliwalea wanasheria na madaktari wetu wengi. Mwaka 2015 jimbo likagawanywa sehemu nne: Ituri, Tshopo, Haut-Uele na Bas-Uele. Bunia ikawa mji mkuu wa jimbo, ikapata gavana, bunge lake na ofisi zake, na ndipo kazi nyingi za serikali na za miradi tunazozizungumzia leo zilipozaliwa. Barabara ya kwenda Kisangani kupitia Komanda, Mambasa na Nia-Nia ipo, ila maeneo ya Irumu na Mambasa imesumbuliwa sana na waasi wa ADF. Julai 2025 makumi ya waumini waliuawa kanisani Komanda. Anayepewa Kisangani leo ahesabu ndege, na ahesabu kwamba lituma ya ndizi ni chakula kizuri lakini si cha kila siku.

Sasa Bunia yenyewe, kwa wale wanaotaka kurudi. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri iko chini ya hali ya dharura ya kijeshi, ile tunayoiita "état de siège", na gavana ni jenerali. Mji umezungukwa na kambi za waliokimbia vijiji vyao. Ofisini utafanya kazi kama kawaida, jioni utakula samaki wa ziwa na lengalenga, Jumapili utasimama nje ya kanisa ukisalimia nusu ya mtaa. Lakini ukitaka kwenda kilomita 40 nje ya mji utauliza kwanza. Huo ndio mji.

Na kodi? Bunia imepanda bei kwa mawimbi, na kila wimbi lina jina lake. Walinda amani wa Umoja wa Mataifa walipokuja kwa wingi 2003, nyumba zenye ukuta zikapata wapangaji wa dola. Mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 ulileta watu wa "riposte", yaani wa kupambana na ugonjwa, magari yao na posho zao. Sasa imekuja Goma. Mwenye nyumba wa Mudzipela au wa Lumumba anayajua majira haya kuliko mchumi yeyote. Sheria ya pango ya Desemba 2015 iliweka kikomo cha miezi mitatu kwa garanti ya nyumba ya kuishi; ukiitaja, mwenye nyumba atakusikiliza kwa heshima kisha atarudia bei yake. Lipa kwa noti safi. Mbadilisha fedha wa bulvarini ataichukua dola mia yako, ataiinua juani, atapapasa ukingo kwa kidole gumba, na akikuta mpasuko hata wa nusu ukucha atakurudishia bila neno. Mpasuko huo huo huko Ulaya hakuna ambaye angeujali.

Kuna karatasi mbili ambazo watu wa diaspora huzisahau. Ya kwanza ni katiba ya 2006: uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganyiki na mwingine. Mliochukua pasipoti ya Ubelgiji au ya Kanada, nyumbani mnaingia kwa viza, na mwajiri akiifuata sheria anawahesabu wageni wanaohitaji kibali cha kazi. Nafasi iliyoandikwa "wafanyakazi wa kitaifa" haiwahusu, hata kama mlizaliwa Nyakasanza. Kwa hali hiyo Kampala haina tofauti kubwa na Bunia: kote mnaomba kibali. Wengi hugundua jambo hili baada ya usaili.

Ya pili ni Kanuni ya Kazi ya 2002. Mwajiri wa Kongo anayekuhamisha, au anayekuajiri na kukupeleka mji mwingine, anawajibika kukupa nyumba ya heshima au posho yake, na kulipia safari yako na ya familia yako. Iandikwe kwenye mkataba, kwa jina la mji na idadi ya watu. Ikiachwa kama ahadi ya mdomo, wewe ndiye utakayepeleka magodoro Arua Park.

Familia ndiyo inayobaki, na hapo ndipo watu wetu wengi wamebuni njia ambayo haimo kwenye tangazo lolote la kazi: baba au mama yuko Bunia, watoto na bibi wako Kampala, mwisho wa mwezi mmoja anavuka. Inafanya kazi kwa sababu ya zile kilomita 300. Kutoka Kinshasa isingewezekana. Lakini shule zina kalenda zake. Mwaka wa shule Kongo huanza Septemba, wa Uganda huanza Februari, na mtoto aliyesoma kwa Kifaransa huko Bunia akiingia darasa la Kiingereza la Kampala mara nyingi hurudishwa nyuma mwaka. Mwenye mtoto aliyebakiza mwaka mmoja kufika Examen d'Etat asimhamishe hata kwa mshahara mara mbili; amwache kwa mama mkubwa mpaka apate diploma. Mwenye wadogo, kama mkataba unaanza Machi, aombe usogezwe mpaka Juni, awatafutie mwalimu wa Kiingereza miezi ya likizo, na awapeleke Kampala Januari wakiwa wamejua angalau kusoma ubao.