Kaptagat: Kidukari na Saipresi za Rika Moja

Mashabiki wa riadha wanaijua Kaptagat, nchini Kenya, kwa barabara zake za vumbi na kwa kambi ya Eliud Kipchoge, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Macho hufuata wakimbiaji. Miti haina mtazamaji. Lakini itazame. Upande mmoja saipresi na paini zimepangwa safu kwa safu, rika moja, kimo kimoja. Penginepo umebaki msitu wa asili: mwerezi, podo, mzeituni mwitu na tendwet, mbega wakiruka juu yake.

Saipresi hizo asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Zililetwa kwa sababu hukua upesi na mbao zake hupasulika vizuri. Kabla yake, Kenya ilikuwa imejaribu saipresi ya California, kuvu ikaiharibu. Paini aina ya radiata nayo ikapigwa na kuvu ya majani miaka ya 1960, ikaachwa. Funzo la hatari ya kutegemea spishi moja halikuingia.

Mwaka 1990 akaingia kidukari wa saipresi, baada ya kuonekana Malawi mwaka 1986. Ni mdudu mdogo wa kahawia anayejibanza kwenye vijitawi na kufyonza utomvu. Majimaji matamu anayoyatoa hunata, kisha huota ukungu mweusi kama masizi. Tawi hukauka kuanzia ndani. Jike huzaa bila dume, na wanawe huzaa hivyo hivyo. Shamba la spishi moja kwake ni karamu isiyo na mlango.

Hapa ndipo bayoanuwai inapoacha kuwa neno la semina. Msituni penye spishi nyingi, mdudu mchaguzi kama huyu akitoka mti mmoja hukutana na mti wa tendwet usiomfaa. Hata hivyo tusiupambe msitu wa asili: mwerezi ni jamaa ya saipresi, nao ulishambuliwa pia.

Lakini si kila saipresi ilidhurika sawasawa. Baadhi zilistahimili, na ustahimilivu wa aina hiyo unaweza kurithiwa kupitia mbegu. Zile dhaifu zikifa na zile stahimilivu zikazaa, kizazi kijacho hubadilika. Charles Darwin aliyaandika hayo mwaka 1859. Sharti ni moja: pawe na tofauti za kuchaguliwa. Watafiti nao hawakungoja. Walimfuata adui wa kidukari hadi Ulaya, nyigu mdogo anayetaga yai ndani ya mwili wa kidukari huyo, wakamwachilia Afrika miaka ya 1990.

Leo upandaji miti Kaptagat umekuwa sherehe ya kila mwaka, na wakfu wa Kipchoge umechukua sehemu ya msitu kuilea. Ni jambo jema. Ila hesabu ya miche pekee haitoshi. Ukialikwa kupanda, uliza kwanza: ni ya spishi ngapi, na mbegu zilikusanywa kutoka miti mingapi?