Shahidi Aliyemo Damuni

Hapa kwetu Rwezamenyo, Kigali, ugali wa muhogo ni chakula tulichokizoea tangu utoto. Kwa hiyo nimeona yafaa niwaeleze habari za konzo, ugonjwa wa neva uletwao na muhogo usiotengenezwa vizuri, na jinsi damu na mkojo vinavyoutolea ushahidi.

Konzo humshika ghafla mtu aliyekuwa na afya njema. Miguu yote miwili hukakamaa, naye hutembea kwa ncha za vidole au kwa magongo, au asiweze kutembea kabisa. Baada ya hapo ugonjwa hauzidi, wala hauponi. Watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa ndio wapatwao zaidi. Daktari Giovanni Trolli aliandika habari zake mwaka 1938 kutoka Kwango, nchini Kongo. Jina lenyewe ni la lugha ya Wayaka, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Mwaka 1981 watu zaidi ya 1,000 walipatwa huko Nampula, Msumbiji. Na mwaka 1985 ulizuka Tarime, Tanzania. Mara zote mbili palikuwa na ukame. Umeonekana pia Kivu ya Kusini, kwa jirani zetu.

Muhogo mchungu hutoa sumu iitwayo sianidi. Mama zetu huiondoa kwa kuuloweka siku tatu au nne, kisha kuuanika. Lakini wakati wa njaa watu hufupisha kazi hiyo, tena hula muhogo mtupu bila maharagwe, samaki wala nyama. Mwili hujitetea kwa kuchukua salfa iliyomo katika protini na kuiunganisha na sianidi. Hapo hupatikana thiosianati, ambayo haina ukali wa sianidi, na hutoka kwa mkojo. Asiyepata protini ya kutosha hupungukiwa na silaha hiyo.

Basi thiosianati ndiyo shahidi wetu. Ikionekana nyingi katika damu au mkojo, yaelekea mtu huyo amekula sumu hiyo siku chache zilizopita. Lakini shahidi si hakimu. Mvuta sigara naye huwa nayo. Na kijiji kizima chaweza kuwa nayo, hali waliopooza ni wachache. Kwa sababu hiyo daktari hutazama mwili wenyewe. Kanuni za Shirika la Afya Duniani za mwaka 1996 zataka mambo matatu: mwendo wa kukakamaa kwa miguu yote miwili, ugonjwa ulioanza katika muda usiotimia juma moja, kisha usiendelee, na magoti au vifundo vya miguu virukavyo kupita kiasi vikigongwa, pasipo ugonjwa wa uti wa mgongo.

Tulinganishe na maltipo sklerosisi, ugonjwa ulio mwingi zaidi Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ambao Jean-Martin Charcot aliueleza huko Paris mwaka 1868. Katika ugonjwa huo kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika neva. Wataalamu wanachunguza vitu vingi vya damuni, lakini hakuna hata kimoja ambacho peke yake chatosha kuutambua. Picha za ubongo huhitajiwa, na mara nyingi maji ya uti wa mgongo pia.

Sisi wa nchi za muhogo tuna bahati moja: shahidi wetu huweza kusema kabla mtu hajaanguka. Kijiji chenye thiosianati nyingi kimekwisha kuonywa. Dawa ya kurudisha miguu haipo, ila njia ya kuzuia ipo, nayo haina gharama. Unga wa muhogo hutiwa maji, hutandazwa mwembamba, na kuachwa saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu hutoka kama hewa. Tangu mwaka 2010 akina mama wa kijiji cha Kay Kalenda, Kongo, walifundishwa njia hiyo, na katika muda wa kazi hiyo hakutokea mgonjwa mpya.

Nimesikia wakubwa wakisema kwamba aliyepooza ghafla amerogwa. Enyi wenzangu, nanyi mliokwisha kumaliza shule, mkisikia maneno hayo vijijini, mpelekeni mgonjwa hospitali, kisha ulizeni muhogo wa nyumba ile ulilowekwa siku ngapi. Walio katika nyumba hiyo bado wanakula unga ule ule.