Sura ya Tano: Msomaji wa Habari na Kura

Kila uchaguzi wa Marekani unapokaribia, nakutana na imani zilezile kuhusu wasomaji wa taarifa ya habari katika vituo vya televisheni vya mikoani kule. Wapo wanaoshikilia kwamba sheria inawakataza kugombea. Wapo wanaoamini kuwa mtu anayeingia sebuleni mwa watu kila jioni ameshashinda kabla kura hazijapigwa. Na wapo wanaotazama rangi ya tai, nyusi na tabasamu, kisha wanakutajia chama cha msomaji. Hii ya tatu ni ramli, hata ikipewa jina la uchambuzi wa lugha ya mwili. Tai nyekundu ni tai nyekundu, basi.

Imani ya pili nayo haisimami. Jesse Helms alitoa maoni yake ya kila siku katika kituo cha WRAL, Raleigh, tangu 1960 hadi 1972, mwaka aliochaguliwa kuwa seneta wa North Carolina, na alikaa Seneti hadi 2003. Kari Lake alisoma habari kwa zaidi ya miaka 20 katika kituo cha KSAZ, Phoenix. Mwaka 2022 aligombea ugavana wa Arizona kwa tiketi ya Republican, akashindwa na Katie Hobbs kwa kura takriban 17,000. Mwaka 2024 aligombea Seneti, akashindwa tena. Wote wawili sura zao zilizoeleka. Ila Helms hewani alikuwa akitetea msimamo, hivyo waliompigia kura walikuwa wameusikia kwa miaka 12. Msimamo wa Lake watazamaji wengi waliujua alipoacha meza ya habari, na ukawagawa.

Imebaki imani ya kwanza, kwamba sheria inakataza. Haikatazi. Kifungu cha 315 cha Sheria ya Mawasiliano ya 1934 kinasema hivi: kituo kikimpa mgombea mmoja nafasi hewani, kiwape na wapinzani wake fursa sawa. Mzigo ni wa kituo, si wa mgombea. Ugumu ni kujua ni nafasi gani inayohesabiwa.

Mwaka 1959 mjini Chicago, mgombea umeya aitwaye Lar Daly, aliyezoea kufanya kampeni akiwa amevaa kama Uncle Sam, alimwona meya Richard J. Daley katika taarifa ya habari akimpokea Rais Arturo Frondizi wa Argentina. Daly akadai na yeye apewe muda wake. Tume ya Mawasiliano, FCC, ikamkubalia. Vituo vikashtuka, maana kama kila picha ya meya akimpokea mgeni inazaa deni, hakuna atakayethubutu kutangaza habari wakati wa uchaguzi. Mwezi Septemba mwaka huohuo Bunge likarekebisha kifungu: mgombea akionekana ndani ya taarifa ya habari ya kweli, hakuna deni.

Wengi waliosoma historia hiyo huishia hapo, wakadhani msomaji wa habari amesalimika, kwa kuwa kazi yake yote imo ndani ya taarifa ya habari. Hawajamfikia William Branch.

Branch alikuwa mwandishi wa kituo cha KOVR, Sacramento, mwenye kuonekana kwenye skrini dakika chache kwa siku. Mwaka 1984 alitaka kugombea kiti katika baraza la Loomis, mji mdogo wa California. Kituo chake kikapiga hesabu, kikaona kwamba kumwacha hewani wakati wa kampeni kungekidai takriban saa 33 za kuwapa wapinzani wake. Akaambiwa achukue likizo bila malipo, bila ahadi kwamba akirudi ataikuta kazi yake. Akaacha kugombea, akaenda FCC, akashindwa. Akakata rufaa, na mwaka 1987 mahakama ya rufaa mjini Washington, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Robert Bork, ikamkatalia pia.

Hoja ya mahakama inafaa kushikwa vizuri. Marekebisho ya 1959 yanamhusu mgombea anayeonekana kwa sababu yeye mwenyewe ni habari, kama meya aliyempokea rais. Branch akiripoti moto, habari ni moto. Yeye ni mleta habari tu. Kwa hiyo kila dakika yake ilihesabiwa, hata kama hakutamka neno moja la siasa. Ndiyo maana wasomaji wa habari wanaotaka kugombea hujiuzulu kwanza, kama Lake alivyoondoka kituoni 2021 kabla ya kutangaza nia. Hakuna marufuku, kuna deni ambalo mwajiri hataki kulilipa.

Sasa linganisha na la 2018. Kampuni ya Sinclair, yenye makao Hunt Valley, Maryland, ilikuwa na vituo zaidi ya 170. Mwezi Machi iliwapelekea wasomaji wake andiko moja la kuwaonya watazamaji juu ya habari za uongo na upendeleo wa vyombo vingine, na nafasi za kujaza jina la msomaji na la eneo lake. Wakalisoma kwa sauti ya mtu anayetoa wasiwasi wake mwenyewe. Mtazamaji wa San Antonio hakuwa na njia ya kujua kwamba wa Seattle anasikia maneno yaleyale, mpaka Timothy Burke wa tovuti ya Deadspin alipoziunganisha picha za wasomaji hao katika video moja.

Andiko hilo halikuzaa deni hata la dakika moja. Kifungu cha 315 kinahesabu wagombea, hakipimi maoni. Kanuni iliyovitaka vituo vitoe pande zote za suala lenye mabishano FCC iliifuta 1987, mwaka uleule Branch aliposhindwa mahakamani. Hivyo ripoti ya moto kutoka kwa mgombea udiwani ina gharama, lakini ujumbe wa mwenye kampuni, ukipita vinywani mwa wasomaji wa miji kadhaa, hauna.

Wanaokodolea macho tai wanamtafuta mwanasiasa kwenye kiti cha msomaji. Msomaji husoma kilichoandikwa kwenye teleprompta, na mara nyingi mwandishi wake ni mwingine. Swali la maana ni nani ameandika, na kama mji wa jirani umesomewa hayohayo. Kumbukumbu za umiliki wa vituo vya Marekani ziko wazi kwa yeyote katika tovuti ya FCC. Anayetaka kujua siasa za taarifa ya habari aanzie huko.