Mwendesha Mashtaka Muislamu na Kesi za Dawa za Kulevya

Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baad:

Vijana wetu wengi wa mwambao siku hizi wanasoma sheria, na baadhi yao huajiriwa kuwa mawakili wa Serikali. Akishapangiwa kesi za unga, kijana huyo husikia maneno mawili. Msikitini ataambiwa kuwa anatumikia sheria isiyokuwa ya Allah, na mshahara wake una shaka. Mtaani ataambiwa kuwa anawafunga maisha watoto wa Kiislamu wenzake. Tumeona tulieleze suala hili, kwani wanaoyasema hayo aghlabu hawajawahi kukaa mahakamani hata siku moja.

Kuhusu uharamu wa dawa hizi hatutarefusha. Hashishi haikuenea katika zama za Maimamu wanne. Ilidhihiri katika miji ya Waislamu karibu na mwanzo wa karne ya 7 Hijria, na Ibn Taymiyya (aliyefariki mwaka 728 H) ameihusisha na kutokeza kwa Matatari. Al-Qarafi wa madhehebu ya Malik (684 H), katika kitabu chake al-Furuq, alitofautisha kati ya kinacholevya, kinacholaza na kinachoharibu akili, akaiweka hashishi katika fungu la mwisho. Kwa hivyo adhabu yake kwake ni taazir, si haddi. Ibn Taymiyya yeye alisema inalevya, na mlaji wake apigwe haddi kama mnywaji wa khamri. Khitilafu yao haikuwa katika asili ya uharamu wake. Ikiwa hayo yalisemwa juu ya jani, basi heroini ina haki zaidi ya hukumu hiyo.

Mfanyabiashara wake hukumu yake ni nzito kuliko ya mtumiaji, kwani madhara ya mmoja yanamuishia mwenyewe na nyumba yake, na ya mwingine yanaenea umma mzima. Mwezi wa Aprili 2014 manowari ya Australia, Darwin, ilikamata jahazi nje ya pwani ya Mombasa likiwa na kilo 1,032 za heroini, zaidi ya tani moja katika chombo kimoja. Baraza la Wanavyuoni Wakubwa la Saudi Arabia, katika uamuzi wake namba 138 wa mwaka 1407 H (1987), lilitenganisha kati ya anayeingiza dawa nchini, ambaye adhabu yake ni kuuawa, na anayesambaza, ambaye mara ya kwanza hupewa taazir. Wengi wetu hulinukuu sehemu hii. Sehemu ya pili hatuisikii mimbarini, nayo ni sharti la Baraza hilo hilo kwamba taratibu zote za kuthibitisha kosa zikamilike kwanza mbele ya mahakama. Kazi ya mwendesha mashtaka imo ndani ya sharti hilo.

Je, kazi hii ina asili katika fiqhi? Ndiyo. Haki za Allah, yaani zile ambazo manufaa yake ni ya watu wote, hazimhitaji mdai maalumu. Muislamu yeyote aweza kuzidai, na fuqahaa wameiita daawa hiyo ya hisba. Mwendesha mashtaka wa leo amesimama hapo.

Ama hoja ya kuwa anatumikia sheria ya wanadamu, tunasema: mahakama za Kadhi, kwa mfano huko Kenya kwa kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010, zina mamlaka juu ya ndoa, talaka, mirathi na hali za mtu binafsi peke yake. Jinai hazifiki huko. Anayetaka muuza unga azuiwe hana mlango mwingine. Al-Izz bin Abdis-Salam (660 H) katika Qawaid al-Ahkam aliona kuwa makafiri wakiitawala nchi kubwa, kisha wakampa ukadhi mtu atakayesimamia maslahi ya Waislamu, lililo dhahiri ni kuwa hukumu zake zipite, kwani kuziacha ni kuyapoteza maslahi ya wote. Na Mtume (S.A.W.) aliusifu mkataba wa Hilful-Fudhul, uliofungwa na Makureshi wa zama za ujahiliya ili kumsaidia aliyedhulumiwa, akabainisha kuwa angeitwa kwenye mfano wake katika Uislamu angeitikia. Kwa hivyo kazi kwa asili yake ni halali, na mshahara wake ni halali. Inayoiharibu ni namna ya kuifanya, na hapa ndipo panapohitaji maneno mengi.

Wafasiri wanataja, katika sababu ya kushuka Suratun-Nisaa aya ya 105 na zinazofuata, kuwa mtu wa ukoo wa Banu Ubayriq aliiba deraya Madina. Alipohofia kufichuka akaitupa katika nyumba ya mtu mwingine, na kwa riwaya mashuhuri mtu huyo alikuwa Yahudi. Jamaa zake wakaja kumtetea, na kielelezo kimekutwa kwa Yahudi! Wahyi ukashuka kumtakasa asiyekuwa Muislamu dhidi ya anayejiita Muislamu, na Mtume (S.A.W.) akakatazwa kuwatetea wahaini. Sisi kwa lugha ya leo tunasema Yahudi yule alibambikiziwa. Msomaji na aizingatie aya hii pamoja na sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 na marekebisho yake ya 2017: heroini isiyozidi gramu 200 kifungo chake ni miaka 30, ikizidi hapo ni maisha. Yaani tofauti kati ya kutoka gerezani na kufia humo yaweza kuwa ni mizani ya kijiko kimoja.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, ilisisitiza maandishi yanayoonesha nani alikamata kielelezo, nani alikitunza, nani alimkabidhi nani. Watu hulalamika kuwa wauza unga wanaachiwa kwa sababu ya karatasi. Karatasi hiyo ndiyo bayyina, na bayyina ni juu ya mdai. Wakili akijua kuwa pakiti ilikaa siku tatu kwenye droo ya askari bila ya kuandikwa popote, si halali kwake kuliziba pengo hilo kwa ufasaha. Mtume (S.A.W.) alitahadharisha kuwa anayehukumiwa haki ya mwenziwe kwa umahiri wa hoja yake amekatiwa kipande cha moto. Vile vile rumande. Kesi kubwa za dawa hazina dhamana, na mtuhumiwa husubiri miaka kwa neno moja tu, kuwa upelelezi haujakamilika. Wakili anayelisema neno hilo huku akijua kuwa hakuna kinachopelelezwa amesema uongo, na mtu amefungwa kwa uongo wake.

Rushwa haihitaji dalili. Baktash Akasha na nduguye Ibrahim, wa Mombasa, walikamatwa mwaka 2014 na wakafikishwa Marekani Januari 2017 tu. Walikiri makosa, wakahukumiwa New York miaka 25 (mwaka 2019) na miaka 23 (mwaka 2020). Serikali ya Marekani ilieleza kuwa kuchelewa huko kulinunuliwa kwa hongo, na waliopokea ni pamoja na majaji, polisi na waendesha mashtaka.

Limebaki suala la jamaa. Kumshtaki binamu hakukatazwi, kwani Qur-aan imeamrisha ushahidi wa haki hata juu ya wazazi. Tatizo ni kumfutia mashtaka. Jamhuri ya fuqahaa wanamkataza kadhi kuhukumu kwa manufaa ya baba yake au mwanawe kwa sababu ya tuhuma, ijapokuwa hukumu ni sahihi, na wakili naye ana tuhuma hiyo hiyo. Jalada alirudishe kwa mkuu wake kabla ya siku ya kutajwa kesi, na sababu aiandike.

Wallaahu A'alam.