Kuchagua Sampla ya Bei Nafuu kwa Studio ya Nyumbani

Mwaka 1987 kampuni ya E-mu ya California ilitoa sampla iitwayo SP-1200, na watengeneza midundo wa hip hop mjini New York wakaipenda mno, ingawa kumbukumbu yake yote ilibeba sekunde 10 tu za sauti. Ili zitoshe, walibuni mbinu. Sahani ya santuri ya mizunguko 33 waliicheza kwa mizunguko 45, wakarekodi kipande kikiwa kinakimbia, kisha wakakipunguza mwendo ndani ya mashine. Mkwaruzo uliobaki ukawa sehemu ya ladha ya muziki wa miaka ile. Na hao walikuwa na nafuu kubwa, kwani Fairlight, sampla iliyotoka Sydney mwaka 1979, iliuzwa Uingereza kwa pauni zipatazo 18,000. Ni wachache wenye uwezo wa mtu kama mwanamuziki Peter Gabriel waliomudu kuinunua.

Leo programu ya Koala Sampler huuzwa kwa takriban dola tano. Inakaa kwenye simu, ina pedi 64, na hurekodi kwa maiki ya simu hiyohiyo. Kijana anayepika biti chumbani kwake Mbagala au Kayole hashindwi tena na bei. Kinachomtesa ni wingi wa programu, kila moja ikijinadi kwa maelfu ya sauti zilizo tayari.

Hapo ndipo wengi hupotea. Jambo la kwanza kuuliza kuhusu sampla ni kama inamruhusu mtu kuingiza sauti alizorekodi mwenyewe, na kama kompyuta aliyonayo inaweza kuibeba. Idadi ya sauti zinazokuja nayo ni jambo la baadaye kabisa.

Kazi yenyewe ya sampla ni rahisi kuielewa. Programu huchukua rekodi fupi, yaani sampuli, na kuipanga kwenye vitufe vya kinanda. Ukibonyeza kitufe, rekodi inacheza. Ukibonyeza cha juu zaidi, inacheza kwa kasi zaidi na sauti inapanda. Oktavu moja juu ni kasi mara mbili, na urefu wa sauti unabaki nusu. Ndiyo maana rekodi moja ya mtu akiimba, ikisukumwa mbali sana na noti yake, hugeuka kuwa sauti ya katuni. Dawa yake ni kurekodi noti nyingi, ili kila rekodi isafiri hatua chache tu.

Mfano mzuri ni Salamander, piano ya Yamaha C5 iliyorekodiwa na Alexander Holm na kutolewa bure. Hakurekodi vitufe vyote 88. Alirekodi kimoja katika kila vitatu, jumla 30, lakini kila kimoja akakipiga kwa nguvu 16 tofauti, kuanzia kugusa kwa upole hadi kugonga kwa nguvu. Hizo ni rekodi 480 za noti peke yake. Mpigaji akigusa kinanda taratibu, sampla humletea rekodi ya mguso laini. Akigonga, humletea ile ya kishindo. Sauti ya ala halisi haibadiliki ukubwa tu inapopigwa kwa nguvu, hubadilika rangi pia, na sampla nzuri hulijali hilo.

Sasa, zipo programu zinazoitwa sampla ambazo kwa kweli ni vichezeshi tu. Maarufu kati yake ni Kontakt Player ya kampuni ya Native Instruments ya Berlin. Ni ya bure, na hucheza vizuri maktaba, yaani mikusanyo ya sauti, zilizotengenezwa na kupewa leseni kwa ajili yake. Lakini ukiifungulia maktaba inayohitaji Kontakt kamili, itacheza dakika 15 kisha inyamaze. Kontakt kamili imekuwa ikiuzwa kwa karibu dola 299. Kwa mtunzi wa muziki wa filamu gharama hiyo ina maana. Kwa anayeanza, fedha hizo zingefaa zaidi kununua maiki nzuri na spika za kusikilizia.

Kabla ya kupakua chochote, inafaa kuangalia programu ya kurekodia ambayo mtu tayari anayo. FL Studio, ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji, inajulikana sana katika studio ndogo za Afrika Mashariki, na ina sampla ndani yake: faili la sauti likiburutwa hadi kwenye orodha ya chaneli, papo hapo linapigika kwenye kinanda. Anayenunua hupata matoleo mapya bila kulipa tena. Ila toleo la majaribio lina mtego wake. Linahifadhi kazi, lakini halikubali kuifungua tena mpaka leseni ilipiwe. Toleo la bei ya chini nalo kwa miaka mingi halikuwa na uwezo wa kurekodi sauti ya mwimbaji, hivyo ni vyema kusoma kwa makini kila daraja lina nini.

Reaper ndiyo nafuu kuliko nyingi. Leseni yake kwa mtu binafsi ni dola 60, baada ya siku 60 za kujaribu bila kufungiwa kitu, na inakuja na sampla yake isiyo na mapambo. Mwenye Mac anapata GarageBand bure. Akiwa na dola 200 za Logic Pro anapata pia Quick Sampler, iliyoongezwa mwaka 2020, ambayo hukatakata kipande cha wimbo na kukitawanya kwenye vitufe kwa muda mfupi sana.

Upande wa bure kabisa, tatu zinastahili kujaribiwa kwanza. Sitala, katika toleo lake la kwanza, ina pedi 16 na vidhibiti vichache, na kwa ngoma hakuna haja ya zaidi. Decent Sampler hufungua ala nyingi zilizorekodiwa na watu wa kawaida na kugawiwa bure kupitia mradi wa Pianobook, na humruhusu mtumiaji kutengeneza ya kwake. Ya tatu ni sforzando ya kampuni ya Plogue ya Montreal, inayosoma mafaili ya SFZ, na hii ndiyo ya kumsisitizia zaidi msomaji wa pwani.

Faili la SFZ ni maandishi matupu. Linaandikwa kwa Notepad: sauti ipi, kitufe kipi, nguvu ipi. Nusu toni imegawanywa katika senti 100, na mstari mmoja wa tune=-50 hushusha noti kwa robo toni. Maktaba nyingi za kibiashara zimefungwa kwenye vipimo vya piano, na mtu akitaka kupiga maqamu, yaani ngazi za noti, za taarabu kwa qanuni ya namna hiyo, noti muhimu hazipo. Akirekodi qanuni yenyewe, uzi mmoja baada ya mwingine, anaweza kuzipanga kama mpigaji alivyozitega. Qanuni na udi bado vinafundishwa katika Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Zeze la Wagogo na marimba yao yapo Dodoma, na wanaoyajua kweli wangali hai. Hakuna maktaba ya kununuliwa itakayompa prodyuza sauti hizo kwa uaminifu wa rekodi yake mwenyewe.

Kwamba kujenga muziki kwa sauti za nyumbani si ndoto, mtindo wa singeli umelithibitisha. Watayarishaji wa Dar es Salaam walichukua vipande vifupi vya taarabu na mchiriku, wakavirudiarudia na kuvikimbiza hadi kupita midundo 200 kwa dakika, kwa kompyuta za kawaida tu. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, na muziki wa mtaa wa Mburahati, Dar es Salaam, ukaanza kusikika katika majukwaa ya Ulaya.

Kuhusu kompyuta, hesabu ni fupi. Sauti ya stereo ya ubora wa CD hula takriban MB 10 kwa dakika. Ya biti 24 hula karibu 16. Sampuli za ngoma hazifiki hata sekunde mbili, kwa hiyo mashine yenye RAM ya GB 4 inazimudu. Piano kama Salamander, ikifunguliwa kwa ubora wake wote, inapita GB moja, na hapo bando na diski vyote vinaumia, ingawa kuna matoleo yake yaliyobanwa. Kuchelewa kwa sauti baada ya kubonyeza kitufe hutokana zaidi na mpangilio wa bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta hukiandaa kabla ya kukitoa. Bafa ya vipimo 1,024 vya sauti huchelewesha kwa milisekunde 23, ya 256 kwa karibu 6. Kwenye Windows, dereva ya bure ya ASIO4ALL mara nyingi huleta nafuu.

Programu zilizochakachuliwa hazina sababu tena. Huweza kuja na virusi, na kazi zilizotengenezwa humo hukwama siku mtu anapobadili kompyuta. Zamani kijana asiye na fedha hakuwa na njia nyingine. Sasa anazo nyingi na nzuri.

Limebaki suala la sauti zenyewe. Freesound, hazina iliyoanzishwa mwaka 2005 na Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra cha Barcelona, ina sauti za bure, lakini kila faili lina leseni yake: nyingine zinataka mrekodi atajwe, nyingine zinakataza biashara. Kukata kipande cha wimbo wa mtu bila idhini ni kesi. Na mpiga zeze anayerekodiwa naye ana haki zake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inawalinda watumbuizaji pamoja na watunzi. Kabla ya maiki kuwashwa, makubaliano yaandikwe: rekodi zitatumika wapi, zitagawiwa bure au zitauzwa, na mpigaji atalipwa kiasi gani.