Shombo Isiyotoka kwa Sabuni

Jiko la pwani halimtii samaki viungo kabla ya kumkamulia ndimu. Bibi zetu hawakuhitaji kuelezwa sababu, pua iliwatosha. Samaki aliyelala hutoa kemikali iitwayo trimethilamini, ambayo ni ya jamii ya alkali na hupaa hewani upesi. Asidi ya ndimu huinasa na kuigeuza chumvichumvi isiyoruka, na shombo ikakatika.

Kemikali hiyohiyo hutoka ukeni bakteria wa humo wanapovurugika. Mwanamke anayefika zahanati na kunong'ona kwamba anatoa harufu kama ya samaki hapigi mfano. Ametaja kitu chenyewe, kwa usahihi ambao mkemia hangemzidi.

Mtaalamu wa maabara hutumia kanuni ya ndimu kwa kuipindua. Huchukua majimaji ya ukeni kwa kijiti chenye pamba, huyapaka kwenye kioo, huyadondoshea tone la alkali kali, kisha husogeza pua. Harufu ikipanda papo hapo, hiyo ni alama ya kwanza. Kioo kikienda chini ya darubini huonekana alama ya pili: seli za ukuta wa uke zilizojaa bakteria mpaka ukingo haujulikani uko wapi, mfano wa mkate wa ufuta uliomiminiwa ufuta bila kipimo. Zimo mbili nyingine, majimaji mepesi ya kijivujivu na pH iliyozidi 4.5. Zikitimia tatu kati ya nne, jibu limepatikana. Vigezo hivyo vilichapishwa mwaka 1983 na daktari Richard Amsel na wenzake, na bado vinatumika.

Shahawa nazo ni alkali. Ndiyo maana harufu humpanda mwanamke zaidi baada ya tendo la ndoa, wakati ule ambao mwenzake yuko karibu kiasi cha kuisikia. Mume hudhani mke hajui usafi, mke huona aibu, na asubuhi yake sabuni inaingia mahali isipopaswa kuingia.

Hapa pana jambo zito, kwa sababu linagusa malezi. Msichana wa pwani akivunja ungo hukabidhiwa somo, na miongoni mwa mafunzo ya mwanzo ni kujitawaza. Mengi katika mafunzo hayo ni ya busara na sina haja ya kuyabeza. Lakini limo moja ambalo sayansi imelikataa: kuingiza kidole ndani na kusugua mpaka maji yatoke bila ute. Wengine huongeza shabu, siki, maji ya chumvi, au hiyo ndimu yenyewe. Siku hizi wapo pia wauzaji wa mitandaoni wenye vidonge vya kukaza na sabuni za kunukiza, kila moja na ushuhuda wake.

Kinachosuguliwa ni kitu gani? Mwaka 1892 daktari wa Kijerumani, Albert Döderlein, alieleza bakteria wenye umbo la vijiti wanaoishi katika uke wenye afya na kutengeneza asidi. Leo twawaita laktobasili. Homoni ya estrojeni hufanya seli za ukuta wa uke zijae glaikojeni, ambayo ni akiba ya wanga. Seli hizo zikipukutika, wanga humeng'enywa, na laktobasili huugeuza asidi ya laktiki, ileile inayogandisha mtindi ndani ya kibuyu. Maziwa yaliyoganda hayaozi upesi, na sababu ni hiyohiyo: vijidudu vingi haviwezi kuishi kwenye uchachu. Uke wenye laktobasili wengi una pH ya kati ya 3.8 na 4.5. Kumbuka kwamba kila hatua moja ya pH ni mara kumi, hivyo kutoka 4 hadi 7 uchachu umepungua mara elfu. Sabuni ya kipande huwa na pH ya 9 au 10.

Basi ule ute mweupe au wa uwazi, usio na harufu mbaya wala muwasho, ndio mlinzi anayesuguliwa. Na kabla msomaji hajakimbilia ndimu kwa hoja kwamba asidi ni asidi: ndimu huunguza utando laini wa uke. Mtindi nao una bakteria waliozoea maziwa, siyo waliozoea uke. Kula, kunywa, lakini acha hapo.

Jiji la Mombasa limetoa ushahidi mzito katika jambo hili. Tangu mwaka 1993 watafiti wa huko, wakishirikiana na wenzao wa Marekani, walifuatilia kwa miaka kumi wanawake zaidi ya elfu moja wanaofanya biashara ya ngono, ambao walianza bila virusi vya UKIMWI. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba waliojiosha kwa ndani, hata kwa maji matupu, walipata maambukizi zaidi ya wale wasiojiosha ndani. Waliotumia sabuni walikuwa na hali mbaya zaidi. Utafiti wa kufuatilia watu hauthibitishi kwamba sabuni peke yake ndiyo mkosaji, lakini ungekuwa ushahidi wa kutosha kwangu kuiacha.

Jeli ya kinga iliyojaribiwa Afrika Kusini, yenye dawa ya tenofovia, ilitoa fundisho jingine. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017 uligundua kwamba kwa wanawake waliotawaliwa na laktobasili jeli ilipunguza maambukizi ya virusi kwa asilimia 61, ilhali kwa wale waliotawaliwa na bakteria kama Gardnerella ilipunguza kwa asilimia 18 tu. Gardnerella walikuwa wanaivunjavunja dawa kabla haijafika ilikokusudiwa.

Mtaani, hali hii ya bakteria kuvurugika haina jina lake. Kila kitu huitwa "U.T.I." au "fangasi". U.T.I. ni maambukizi ya njia ya mkojo, jambo la kibofu. Fangasi wa ukeni huleta muwasho mkali na uchafu mzito mweupe kama maziwa yaliyokatika, mara nyingi bila harufu, na pH yake hubaki ya kawaida. Hupenda kuzuka baada ya mtu kumeza antibayotiki. Trikomona ni kimelea cha zinaa, naye hutoa majimaji ya njano au kijani yenye povu. Dawa ya fangasi haiwagusi hao wengine. Mwanamke anayenunua dawa ya fangasi dukani kutibu shombo atatumia pesa na kubaki na shombo yake, kisha aambiwe U.T.I. yake ni "sugu".

Kwa nini jambo la ukeni lihusu kizazi? Kati ya uke na mji wa mimba upo mlango, na mlango huo umezibwa na ute mzito. Baadhi ya bakteria wa uvurugikaji wana vimeng'enya vya kuumeng'enya ute huo. Wakipenya, peke yao au pamoja na kisonono na klamidia, wanaweza kuufikia ukuta wa kizazi na kupanda hadi mirija. Mrija ukivimba na kupona huacha kovu, na kovu likiuziba, yai halipiti, au mimba hutunga ndani ya mrija na kuhatarisha maisha. Kwa mjamzito, uvurugikaji huu unahusishwa na kujifungua kabla ya siku. Si kila mwenye shombo atafika huko; walio wengi hawafiki, na wengine hawana hata dalili. Ila maumivu chini ya kitovu pamoja na homa na uchafu usio wa kawaida si ya kusubiri wiki ijayo.

Ipo nukta ambayo ningependa isemwe kwa uangalifu. Mwaka 2011, Jacques Ravel na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanawake 396 wa Marekani. Kiasi cha wanne katika kila kumi wenye asili ya Afrika hawakutawaliwa na laktobasili, ingawa hawakuwa na dalili zozote. Kutokuwa na bakteria hao wengi, basi, si ugonjwa peke yake. Asiyelalamika chochote hana sababu ya kujitafutia dawa.

Kwa anayelalamika, dawa ya kawaida ni metronidazoli. Hufanya kazi, kisha katika mwaka mmoja zaidi ya nusu ya waliopona hurudiwa. Gardnerella hujijengea utando juu ya seli, kama ukoga kwenye meno, na mabaki yake hungoja dawa iishe. Lakini wataalamu wa Melbourne, Australia, walishuku kwamba njia nyingine ya kurudi ni mwenza. Waliwachukua wapenzi jozi 164; mwanamke alitibiwa katika kila jozi, na katika nusu yao mwanamume naye alimeza metronidazoli na kujipaka krimu ya klindamaisini kwenye uume kwa siku saba. Baada ya wiki 12, waliorudiwa walikuwa asilimia 35 pale mwanamume alipotibiwa, na 63 pale alipoachwa. Jaribio lilisitishwa mapema kwa sababu tofauti ilikuwa wazi, na matokeo yakachapishwa Machi 2025.

Kwa miaka mingi mwanamke alimezeshwa dawa peke yake, akasuguliwa na maneno peke yake. Dada, osha nje kwa maji, ndani paache. Shombo ikirudi mara ya pili, nenda ukapimwe, umuulize daktari kuhusu matibabu ya mwenzako pia. Naye akisema hilo ni tatizo la wanawake, mpe makala haya ayasome mwenyewe.