Lenzi ya Picha za Watu Katika Mji Mkongwe wa Kivinje

Lenzi ya kwanza iliyobuniwa mahususi kwa picha za watu ilitoka Vienna mwaka 1840. Hesabu zake zilipigwa na Joseph Petzval, mwanahisabati aliyezaliwa katika sehemu ambayo leo ni Slovakia, na vioo vyake vikasagwa katika karakana ya Voigtländer. Kamera za mwaka mmoja tu kabla ya hapo zilikuwa na lenzi za f/15 hivi, na aliyetaka picha yake alilazimika kukaa bila kutikisika kwa dakika kadhaa. Lenzi ya Petzval ilifika f/3.6. Ilipitisha mwanga zaidi ya mara 15, na biashara ya picha za watu ikawezekana. Kwa miongo mingi hiyo ndiyo ilikuwa lenzi ya studio duniani kote. Studio za Zanzibar za mwisho wa karne ya 19, kama ya A. C. Gomes na ya ndugu Coutinho, zilifanya kazi katika zama zake.

Siku hizi ni wachache wanaomiliki lenzi ya shaba ya wakati ule. Zinazopatikana kwa bei nafuu ni za Kisovieti: Jupiter-9 ya milimita 85, iliyofuata muundo wa Sonnar wa Wajerumani, na Helios-44 ya milimita 58, iliyofuata Biotar na kutengenezwa kwa mamilioni. Zote mbili hufunguka hadi f/2 na, kwa adapta ndogo ya chuma, hukaa kwenye kamera yoyote ya kidijitali isiyo na kioo cha ndani. Hakuna umeme kati ya lenzi na kamera, kwa hiyo fokasi huzungushwa kwa mkono. Mwaka 2013 hata muundo wa Petzval wenyewe ulirudi sokoni, ukitengenezwa Urusi kwa ajili ya kamera za sasa.

Kilwa Kivinje, kwenye pwani ya kusini ya Tanzania, ni mahali pazuri pa kuona lenzi hizi zinaweza nini na zinashindwa nini. Mji huu ulinawiri katika karne ya 19 kwa misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa, ukawa kituo cha utawala wa Wajerumani, kisha ukapungua nguvu pale makao makuu ya wilaya yalipohamia Kilwa Masoko. Fedha zilipoondoka, majengo yakabaki yalivyo. Kuna nyumba za ghorofa zilizopoteza paa, boma linalotazama bahari, na miti iliyoota juu ya kuta na kuzipasua kwa mizizi. Karibu na hapo watu wanaishi, wanauza samaki, wanaanika nguo.

Ugumu wa kwanza ni nafasi. Katika kamera yenye fremu kamili, lenzi ya milimita 85 ikishikwa wima kutoka mita 5 huona upana wa mita 1.4 na kimo cha mita 2.1. Mlango wa kuchongwa pamoja na miimo na kizingiti chake cha juu hauingii hapo. Mpiga picha hurudi nyuma hadi mita 8 hivi, na katika kichochoro mgongo wake hugusa ukuta wa jirani kabla hajafika. Ndani ya nyumba ndiyo haiwezekani kabisa. Vyumba vya nyumba hizi za mawe vilijengwa vyembamba kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Basi lenzi hii humlazimisha anayeitumia kuacha mji mzima na kuchukua kipande: mfaa wa mlango peke yake, kona ya baraza, uso wa mzee mmoja. Wengine huona hilo ni kasoro. Kwa mji ambao nusu yake imebomoka, ni afadhali kuliko picha pana ambayo humwonyesha mtazamaji magofu na kifusi tu.

Ugumu wa pili ni kwamba lenzi za muundo wa Petzval hazipendi ukuta ulionyooka. Fokasi yake haikai kwenye bapa, inapinda. Anayesimama mbele ya ukuta na kulenga katikati atapata katikati pakali na pembe zilizofifia, hata kama ukuta wote uko umbali uleule. Ukuta wa Kivinje huonyesha kosa hilo waziwazi. Pale lipu ya chokaa ilipobanduka, jiwe la matumbawe liko wazi, na kwa karibu huonekana vitundu na nyota ndogondogo za viumbe wa bahari waliolijenga. Katikati ya picha nyota hizo zinahesabika. Pembeni zimekuwa uji. Kufunga mwanya wa lenzi hadi f/8 hupunguza tatizo, ila hufuta pia ile sifa iliyofanya lenzi itafutwe.

Sifa hiyo iko kwenye mandhari ya nyuma. Mwanya ukiwa wazi, mwanga unaopita pembeni hukatwa na mdomo wa lenzi, na kila nukta ya mwanga hubadilika kuwa na umbo la mbegu ya tikiti badala ya duara. Mbegu hizo hujipanga kuzunguka katikati, na picha ikaonekana kama inazunguka polepole nyuma ya mtu. Helios-44 inajulikana kwa hilo kuliko Jupiter-9. Ukuta mtupu hautoi kitu. Panahitajika majani yanayopenyeza mwanga: mwembe, mikoko, au maji yanayometameta jua likiwa chini.

Jua lenyewe ni suala. Lindi na Kilwa ziko kati ya nyuzi 8 na 10 kusini mwa ikweta, hivyo katika Februari na Oktoba jua la adhuhuri husimama utosini. Macho huzama katika vivuli na nakshi za milango hupotea. Isitoshe, kwa f/2 na unyeti wa ISO 100, jua kali hudai kasi ya karibu 1/6400 ya sekunde, na kamera nyingi za kale za Kisovieti za Zenit ziliishia 1/500. Ama kifungwe kichujio cheusi, ama mtu ahamie kivulini.

Kivulini pazuri kupita pote ni barazani. Paa huzuia jua la juu, na mwanga hurudi kutoka ardhini na kutoka ukuta mweupe wa upande wa pili wa njia, ukimfikia aliyekaa kwa usawa wa uso. Studio za zamani zilijengewa madirisha makubwa kutafuta mwanga wa namna hiyo. Kanzu nyeupe na uso mweusi hudanganya kipimo cha kamera. Kipimo kichukuliwe usoni, kanzu ikizidi kung'aa si hasara kubwa. Kutoka mita 2 kwa lenzi ya milimita 85 na f/2, kina cha ukali ni sentimita 6 au 7: jicho likiwa kali, sikio limekwisha kufifia. Anayezungumza huku akitikisa kichwa hutoka nje ya fokasi mara kwa mara, ndiyo maana hodi, salamu na kukaa kidogo kabla ya kuinua kamera ni sehemu ya ufundi, mbali na kuwa adabu. Ruhusa huombwa kwanza, na asiyetaka huachwa.

Anayetoka upande wa Lindi hana lazima ya kufika Kivinje. Lindi mjini kuna majengo ya enzi ya Wajerumani na nyumba za wafanyabiashara, ingawa kimbunga cha Aprili 1952 kiliuharibu sana mji huo. Kilwa Kisiwani, iliyo kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, huhitaji kibali kabla ya kuvuka, na kuba za Msikiti Mkuu hudai lenzi pana. Vilevile, kazi ya kumbukumbu kwa ajili ya ukarabati isifanywe kwa lenzi ambayo fokasi yake inapinda: fundi anataka kuona ufa ulipoanzia na ulipoishia.

Pwani huziharibu lenzi hizi haraka. Unyevu wa kaskazi huotesha kuvu kati ya vioo, na joto huyeyusha grisi ikapaka mafuta visu vya mwanya. Vumbi la chumvi hufutwa kwa brashi kwanza, kisha kitambaa, kwa kuwa kitambaa kikitangulia hukwaruza kioo. Usiku lenzi ikae kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na pakiti za kunyonya unyevu, zile zinazokuja ndani ya maboksi ya viatu, zikibadilishwa zinapochoka.